Grafu ya mtawanyiko inapokwama: dalili, vyanzo na utatuzi kwa data za ukuaji wa watoto

Malalamiko ya watu wanaochora grafu ya mtawanyiko yanafanana mno. "Grafu yangu haioneshi kitu." "Nukta zote zimejazana pembeni." "Mstari unashuka wakati ulitakiwa kupanda." Chombo chenyewe ni chepesi: kila mtoto anapata nukta moja, kipimo cha kwanza kinasomwa kwenye mhimili mlalo wa X na cha pili kwenye mhimili wima wa Y. Wepesi huo ndio unaofanya kila kosa la fomu, la mizani au la kompyuta lijitokeze hapo kabla halijaonekana kwingine.

Nimechukua mifano ya watoto wa miezi 6 hadi 59, yaani wale wanaopimwa kwenye tathmini za lishe: umri, urefu, uzito, na mzingo wa mkono, kile kipimo cha utepe wa rangi tatu ambacho wahudumu wengi hukiita MUAC. Kama data zako ni za mavuno ya mahindi au mauzo ya duka, dalili ni hizi hizi.

Mambo mawili kabla ya kugusa chochote. Hifadhi nakala ya faili la asili mahali ambapo hutalifungua kwa bahati mbaya, halafu ufanye kazi kwenye nakala nyingine. Pili, hakikisha kila mstari wa data una namba ya fomu. Bila namba hiyo huwezi kuirudia karatasi, na sehemu kubwa ya utatuzi ulio hapa chini ni kuirudia karatasi.

Dalili: nukta zimepangana kwa nafasi sawasawa, au zimeunganishwa na mistari kama utando

Mara nyingi umechagua grafu ya mstari, ile iitwayo Line kwenye menyu, badala ya Scatter. Grafu ya mstari haizisomi namba za X kama namba; inazichukua kama majina na kuyapanga hatua moja moja. Mtoto wa miezi 6 akifuatiwa na wa miezi 30 kwenye orodha, grafu itawaweka jirani. Badilisha aina ya grafu, uangalie tena.

Kama tayari ni Scatter na bado nukta zimekaa kwa hatua sawa, soma mhimili wa X. Je, unaanzia 1 na kuishia kwenye idadi ya mistari yako? Basi safu ya X ina maandishi ndani yake. Excel ikikuta seli moja tu yenye "hajui", "12 miezi", au nafasi tupu iliyobonyezwa kimakosa, huziacha namba zako zote na kuhesabu 1, 2, 3 mpaka mwisho. Kwa kawaida namba hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi upande wa kushoto, kwa hiyo panua safu utazame ukingo wake. Ukipanga data kuanzia ndogo hadi kubwa, maandishi hujikusanya chini ya namba. Angalia pia koma: 9,6 na 9.6 ni uzito uleule kwako, lakini kompyuta inayotumia nukta kwa desimali haiisomi ile ya kwanza kama 9.6.

Chanzo kinachosumbua zaidi ni tarehe za kuzaliwa. Kompyuta iliyowekewa mpangilio wa Marekani huanza na mwezi. Ukiiingizia 03/07/2022, wewe ukimaanisha tarehe 3 Julai, inaandika Machi 7 bila kulalamika. Ukiiingizia 23/07/2022 inashindwa, maana hakuna mwezi wa 23, hivyo inaiacha kama maandishi. Matokeo yake sehemu ya watoto wanakosa umri kabisa, na wengine wanaongezewa au kupunguziwa miezi kadhaa na hakuna anayegundua. Ukiona tarehe zimekaa pande mbili tofauti ndani ya safu moja, usianze kurekebisha moja moja. Rudi kwenye faili la asili, uliingize upya huku ukiitajia programu kwamba siku ndiyo inayotangulia. Kwa tathmini ijayo, andikeni mwaka kwanza: 2022-07-03.

Dalili: nukta zote zimerundikana kona moja, na chache ziko mbali peke yake

Usiguse nukta hizo za mbali bado. Anza kwa kusoma namba za mihimili, kisha upite kwenye vyanzo hivi kwa mpangilio, kwa kuwa ndivyo vinavyotokea zaidi:

- Vipimo vimechanganyika. Kuna tepe za mkono zenye sentimita na kuna zenye milimita. Timu moja inaandika 13.2, nyingine 132, na grafu inapata mawingu mawili yaliyoachana kwa umbali mkubwa.
- Nukta ya desimali imeruka. Kilo 9.6 imekuwa 96.
- Safu mbili zimebadilishana. Urefu umeandikwa penye uzito.
- 99 au 999 iliyowekwa kumaanisha "hakupimwa" imesomwa kama kipimo. Hizi huzitambui kwa umbali wake tu. Zimesimama zote kwenye mstari mmoja ulionyooka kabisa.

Cha kulinganishia kipo. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilivyotokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, mvulana wa katikati, yaani yule ambaye nusu ya wenzake wako juu yake na nusu chini, akiwa na miezi 12 ana kilo 9.6 na urefu wa sentimita 75.7. Akitimiza miaka 5 ana kilo 18.3 na sentimita 110. Wasichana wako chini kidogo. Namba hizo ukizibandika ukutani karibu na kompyuta, kosa la desimali litakuonekania kabla hujachora.

Utatuzi ni kuifuata fomu. Fomu ikisema 9.6, sahihisha na uandike kwenye daftari la masahihisho: namba ya fomu, thamani ya zamani, thamani mpya, nani amebadilisha. Fomu yenyewe ikisema 96, mtafute mpimaji. Usigawanye kwa 10 kwa kukisia, hata kama unaona jibu liko wazi. Ningeruhusu kitu kimoja tu kifanyike bila kuuliza, nacho ni mzingo wa mkono ulioandikwa 132 kugeuzwa kuwa sentimita 13.2, kwa kuwa hakuna mkono wa mtoto wenye mzingo wa sentimita 132. Hata hilo liandikwe.

Kama fomu zote ni sahihi na mrundikano bado upo, huenda kipimo chenyewe kina mkia mrefu. Mzingo wa mkono hauko hivyo. Kipato cha kaya ndivyo kilivyo. Hapo badilisha mhimili uwe wa skeli ya logi, ambamo kutoka 1,000 hadi 10,000 ni hatua moja sawa na kutoka 10,000 hadi 100,000. Mwaka 1975 Samuel Preston alichora umri wa kuishi dhidi ya kipato cha nchi: mkunjo unapanda kwa kasi kwenye nchi maskini kisha unalala kwenye nchi tajiri. Kipato kikiwekwa kwenye logi, mkunjo huo unakaribia kunyooka, na nchi maskini zilizokuwa zimebanana upande wa kushoto zinapata nafasi ya kuonekana. Kumbuka kwamba sifuri haina logi. Kaya zisizo na kipato haziwezi kuwekwa mahali pake kwenye grafu hiyo, kwa hiyo zihesabu pembeni.

SIMAMA HAPA: nukta ya mbali inaweza kuwa mtoto anayeumwa

Sehemu hii naomba isirukwe. Kuna tabia imeenea ya kufuta nukta zilizojitenga ili grafu ipendeze, na programu nyingine hata hukuwekea kitufe cha kufanya hivyo. Kwenye data za lishe, kufuta huko ni hatari.

Mzingo wa mkono chini ya sentimita 11.5 ni eneo jekundu la utepe: utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni la njano. Ukikuta nukta ya 10.9, ukairudia fomu ukakuta kweli imeandikwa 10.9, kazi yako ya takwimu imesimama kwa muda. Mpigie simu afisa lishe au kituo cha afya siku hiyo hiyo, ukiwa na namba ya fomu mkononi, mtoto afuatiliwe. Grafu itasubiri.

Iko nukta nyingine inayopotosha zaidi. Chora mzingo wa mkono kwenye X na uzito kwenye Y. Kwa kawaida nukta hupanda pamoja. Sasa tazama ile iliyo juu ya wenzake upande wa kushoto, mkono mwembamba lakini uzito unaridhisha. Inaweza kuwa kosa la mizani. Inaweza pia kuwa mtoto aliyevimba: maji mwilini yameongeza kilo, na uzito unaonekana salama wakati mtoto hayuko salama. Mhudumu hukagua kwa kubonyeza vidole gumba juu ya miguu yote miwili kwa sekunde 3. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali hata kama utepe na mizani havikuonesha. Hili halitatuliwi kwenye kompyuta. Angalia kama safu ya uvimbe kwenye fomu imejazwa, na kama imeachwa wazi, uliza.

Programu za tathmini huweka alama kwenye vipimo visivyoaminika, kwa mfano pale uzito kwa urefu unapopita −5 au +5 za z-score, yaani alama ya umbali wa mtoto kutoka kwa yule wa katikati kwenye viwango vya Shirika la Afya Duniani. Alama hiyo inamaanisha "hakiki". Haimaanishi "tupa".

Dalili: nukta zimesimama kama nguzo, au zimelala kama ngazi

Nguzo za wima kwenye miezi 12, 24, 36 na 48 maana yake umri umekadiriwa. Mlezi aliulizwa, akasema "ana miaka miwili", mwandishi akajaza 24. Ongeza safu inayosema umri umetoka wapi, kadi ya kliniki au kumbukumbu, kisha uipe kila aina rangi yake. Karibu kila mara wenye kadi wametawanyika vizuri na wasio na kadi ndio wamejenga nguzo. Kwa data zilizokwisha kukusanywa hakuna dawa ya kompyuta. Kwa zijazo, timu itengeneze kalenda ya matukio ya mahali husika, yenye mwezi wa Ramadhani, masika, mavuno, uchaguzi, mafuriko ya mwaka fulani, na mlezi asaidiwe kukumbuka mtoto alizaliwa kabla au baada ya lipi.

Watu wengine huzitikisa nukta kidogo kulia na kushoto zisifunikane. Ni sawa kwa macho. Lakini hesabu zifanywe kwenye data asilia, na msomaji aambiwe chini ya grafu kwamba nukta zimetikiswa.

Ngazi za mlalo zinatoka kwenye usomaji wa mizani. Chukua tarakimu ya mwisho ya kila uzito uhesabu 0 ziko ngapi, 1 ngapi, hadi 9. Mpimaji makini atakaribia sehemu moja ya kumi kwa kila tarakimu. Ukiona 0 na 5 zimechukua zaidi ya nusu, mtu anakadiria badala ya kusoma. Fanya hesabu hiyo kwa kila timu peke yake, kwani mara nyingi tatizo ni la timu moja na dawa yake ni kumrudisha mpimaji kwenye mafunzo.

Kama shida ni wingi tu wa nukta, maelfu zimegeuka doa jeusi, punguza ukubwa wake na uzifanye zipenyeze nuru kiasi, ili penye nyingi paonekane pazito.

Dalili: wingu tupu, hakuna mwelekeo wowote

Kabla hujatangaza kwamba hakuna uhusiano, chukua fomu chache za kubahatisha uzilinganishe na mistari ya kompyuta. Chanzo ninachokihofia kuliko vyote ni hiki: mtu alipanga safu moja kuanzia ndogo hadi kubwa bila kuhusisha safu nyingine. Sasa uzito wa Asha umekaa kwenye umri wa Juma, na kila namba ukiitazama peke yake ni halali. Grafu ya umri dhidi ya urefu ikitoa wingu duara kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, karibu hakika mistari imevurugika, kwa sababu urefu hauwezi kutofuata umri katika miaka hiyo. Data hizo hazirekebishiki. Rudi kwenye faili la asili.

Mistari ikiwa salama, angalia upana wa X. Ukichora mzingo wa mkono dhidi ya uzito kwa watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali peke yao, umekata kipande chembamba cha kushoto cha wingu kubwa, na ndani ya kipande hicho mwelekeo hufifia. Kosa la aina hii limewahi kuchangia vifo. Usiku wa kuamkia Januari 28, 1986, wahandisi nchini Marekani walijadili kama baridi inadhuru mipira ya kuzibia viungo vya roketi za chombo cha anga cha Challenger. Walilinganisha halijoto na madhara kwa safari zilizopata madhara tu, na hapo uhusiano haukuonekana. Safari ambazo mipira yake haikupata madhara, zilizorushwa siku za joto, hazikuwekwa kwenye mchoro. Asubuhi chombo kilirushwa kwenye baridi kuliko siku zote zilizotangulia, na watu wote 7 waliokuwemo walifariki. Kwa hiyo jiulize kila mara ni nani hayumo kwenye grafu yako.

Baada ya hapo tazama kama wingu limejikunja kama tao; kipimo cha uhusiano, ile namba inayoandikwa r, kinaweza kuwa karibu na sifuri huku mkunjo uko wazi kwa macho. Vyote vikipita salama na wingu likabaki wingu, kubali. Hakuna uhusiano pia ni jibu, na liandikwe hivyo.

Dalili: r ni kubwa, lakini mstari haukai juu ya nukta

Amini macho kwanza. Mwaka 1973 Francis Anscombe alitunga seti 4 za data zenye nukta 11 kila moja. Wastani wa X ni 9 kote, wa Y ni 7.5, na r ni karibu 0.82 kote. Ukizichora, moja ni mtawanyiko wa kawaida, ya pili ni mkunjo, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyoasi, na ya nne ni nguzo ya wima ambayo "uhusiano" wake wote umeletwa na nukta moja.

Kwa watoto, chanzo kikuu ni mkunjo. Mvulana wa katikati anazaliwa na sentimita 49.9, mwaka wa kwanza anaongeza karibu 26, kisha anahitaji miaka 4 kuongeza 34 nyingine. Mstari ulionyooka utapita juu ya nukta za wachanga na za wakubwa, na chini ya zile za katikati. Tumia mkunjo, au gawa umri vipande vifupi.

Ukiona kidaraja kidogo kwenye miezi 24, ni kawaida. Chini ya umri huo mtoto hupimwa amelala, kuanzia hapo amesimama, na vipimo viwili hivyo hutofautiana kwa takribani sentimita 0.7. Kidaraja kikiwa kikubwa zaidi, uliza ubao wa kupimia ulitumikaje.

Kwa nukta moja inayovuta mstari, kokotoa mara mbili, ikiwemo na isiwemo, na uripoti matokeo yote mawili.

Dalili: mwelekeo uko kinyume na ulivyotarajia

Kwanza mambo mepesi: mihimili imegeuzwa, au namba ndogo ndiyo bora, kama nafasi ya darasani ambako 1 ni ya juu. Vikiwa sawa, huenda una makundi yaliyochanganyika. Data za pengwini waliopimwa karibu na kituo cha Palmer, Antaktika, kati ya 2007 na 2009 zinalionesha hili vizuri. Ukichora urefu wa mdomo dhidi ya kina chake kwa ndege wote, mwelekeo unashuka. Ukiwapa rangi kwa spishi zao tatu, Adelie, Chinstrap na Gentoo, ndani ya kila spishi unapanda. Kwa watoto, jaribu rangi kwa jinsia, kwa kijiji, kwa timu ya upimaji.

Makundi yawe yale uliyokuwa nayo kabla ya kuchora. Ukijikuta unajaribu mgawanyo mmoja baada ya mwingine mpaka upate unaoupenda, acha, umwite mtakwimu.

Dalili: mtawanyiko unapanuka kama tarumbeta

Uzito dhidi ya umri hufanya hivi, na si hitilafu: watoto wa miaka 5 wanatofautiana kilo nyingi kuliko wa miezi 6. Ila usitumie kosa la wastani la mstari mmoja, yaani kipimo kimoja cha jinsi nukta zinavyoachana na mstari, kwa umri wote.

Dalili: nukta zimelala kwenye mstari bila kutawanyika kabisa

Watoto halisi hawakai hivi. Pengine safu moja imekokotolewa kutoka nyingine, kama umri wa siku na umri wa miezi. Pengine safu imenakiliwa mara mbili. Kama si hayo, na nukta hizo zote ni za timu moja, uwezekano kwamba fomu zilijazwa bila kupima upo. Usimtuhumu mtu kwa grafu peke yake. Mpelekee msimamizi wa tathmini namba za fomu, watoto wachache wapimwe upya, na data za timu hiyo zitengwe mpaka jibu lipatikane.

Wakati wa kuacha na kumwita mtaalamu

Grafu ikishakuwa safi, hatari inahamia kwenye matumizi yake. Watoto warefu wanajua maneno mengi kuliko wafupi. Umri ndio uliovileta vyote viwili. Chora watoto wa miezi 24 hadi 26 peke yao uone kinachobaki. Kama mtu anataka kuitumia grafu kupanga dozi ya dawa, kugawa bajeti ya halmashauri, au kudai kwamba mradi fulani ndio ulioongeza uzito wa watoto, mwite mtakwimu kabla ya kikao. Mwite pia kama watoto walichaguliwa kwa vijiji au vishada, yaani kwa makundi badala ya mmoja mmoja: waliotoka kijiji kimoja hufanana, na r ya kawaida ya Excel huwahesabu kana kwamba kila mmoja amechaguliwa peke yake. Mpe faili la asili, daftari la masahihisho na fomu za karatasi.